Picha ya banda haipigwi siku ya maonyesho

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Nyakato, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Natengeneza batiki na pia nasuka vikapu, nauza hapa hapa Mwanza. Dada yangu anaishi Marekani, Michigan, na mwakani nitaenda kukaa kwake miezi kadhaa, sasa ananisukuma niombe nafasi kwenye maonyesho ya sanaa ya kule, yale ya kuchujwa na majaji. Fomu inataka picha nne za kazi na moja ya banda. Banda langu ni lile la Nane Nane, picha nimekutumia. Inafaa? Kama haifai napigaje nyingine kwa simu, maana kamera sina na tenti sina."

Marahaba mdogo wangu. Picha nimeiona, nimeikuza nimeiangalia vizuri, na nikwambie tu ukweli haifai. Kama kumbukumbu ni nzuri sana, umependeza, uwanja wa Nyamhongolo umechangamka, iweke ukutani kwako. Ila kwa fomu hapana. Wewe mwenyewe umesimama katikati umeshika kikapu, juu kuna bango lina jina lako na namba ya simu, kuna mteja kageuza mgongo, pembeni linaonekana banda la jamaa wa mbegu, tenti ni la bluu kwaiyo batiki zako zote zimekuwa za bluu mpaka ile ya machungwa, vikapu vipo chini kwenye nyasi, na nimehesabu batiki ishirini na mbili zimepandiana kama nguo za mtumba. Kila kitu nilichokitaja hapo kinakuangusha kwa namna yake.

Ngoja nikueleze kwanza picha hii wanaitakia nini, ukishaelewa hilo mengine yote utayatambua mwenyewe hata nisipoyasema.

Haya maonyesho ya Marekani, mfano lile la Ann Arbor hapo hapo Michigan ambalo lipo tangu 1960, maombi yake yanaingia kwa mtandao na majaji wanakaa kuangalia picha tu. Hawajui jina lako, hawajui unatoka wapi, hiyo ndo kanuni, wanataka wahukumu kazi bila kumjua mtu. Picha zako zote zinatokea pamoja kwenye skrini, kazi zinatangulia na banda linakuja mwisho, alafu wanatoa alama wanaenda kwa anayefuata. Waombaji wanakuwa wengi mno, kwaiyo raundi ya kwanza unapata sekunde, sio dakika. Kwa sekunde hizo ile picha ya banda inajibu maswali ambayo picha za kazi haziwezi kujibu. Huyu mtu ana kazi za kutosha kujaza banda au ana hizo nne tu alizotuma? Kazi zote zimetoka mkono mmoja au kaokoteza? Zina ukubwa gani? Na akija hapa, banda lake litatupendezea mtaa au litatutia aibu?

Umeona? Hakuna anayeuliza siku ile wateja walikuwa wangapi. Ndo maana nasema picha ya banda haipigwi siku ya maonyesho. Siku ya maonyesho unauza, kuna watu, kuna vumbi, kuna jirani, tenti sio lako, jua limekaa linapotaka lenyewe. Picha ya banda inajengwa siku nyingine kabisa, nyumbani, asubuhi moja umejipanga, unasimamisha banda kwa ajili ya picha tu alafu unalibomoa. Huo sio uongo. Wasanii wa kule wenyewe wanasimamisha uani kwao au kwenye gereji, hasa wale ambao hawajawahi kushiriki onyesho lolote. Uongo ni kuunganisha banda kwenye kompyuta, kubandika batiki kwenye ukuta ambao haupo. Hilo usilifanye, wengine wanakataza waziwazi na jaji mzoefu anaona vivuli vimepishana.

Kwanza chagua. Batiki au vikapu. Najua vyote unavifanya na vyote unavipenda, lakini maombi yanaingia kwa fungu la kazi, na banda linatakiwa lionyeshe kile tu ulichoombea. Batiki nne kwenye picha za kazi alafu banda limejaa vikapu, jaji anajiuliza hivi vikapu vimetoka wapi, kanunua? Maonyesho hayo yanakataa kabisa vitu vya kununua na kuuza, kwaiyo hata harufu ya mashaka inakugharimu. Ukitaka kuomba kwa vyote viwili basi ni maombi mawili, ada mbili, na picha mbili za banda. Mimi ningekuwa wewe ningeenda na batiki, zile zako za mitumbwi na za mawe ya Bismarck zina mkono unaotambulika hata kwa mbali, vikapu vyako ni vizuri ila batiki ndo zinaongea. Kama fomu inaruhusu vikapu kwenye fungu moja na batiki, maana kuna wanaoweka kazi zote za nyuzi na vitambaa pamoja, basi weka vikapu viwili tu. Sio kumi.

Sasa banda lenyewe. Kipimo cha kawaida kule ni futi 10 kwa 10, yani mita 3 kwa 3 na ushee kidogo, kuta tatu na mbele wazi. Tenti huna, sawa, huhitaji kununua. Wanaokodisha maturubai na viti vya harusi wana zile tenti ndogo za kukunja za mita tatu, kodi moja kwa asubuhi moja, tena katikati ya wiki ambapo hawana harusi wanakupunguzia. Sharti langu ni moja tu, paa liwe jeupe. Jeupe kweli, sio la maziwa, sio la mistari, na lisiwe na nembo ya kampuni ya simu. Paa la rangi linamwaga rangi yake kwenye kila kitu kilicho chini yake, la bluu linafanya kila kitu kuwa bluu, jekundu ndo kabisa, watu wote wanaonekana wana homa. Rangi hiyo huwezi kuiondoa vizuri baadaye maana mbele kwenye mwanga wa nje rangi ni za kweli na ndani ni za tenti, ukirekebisha huku unaharibu kule.

Ukikosa tenti kabisa, jenga na mabomba au mirunda, tandaza shuka nyeupe mbili juu, imeisha. Kwenye kuta ndo utumie kitambaa cha marekani, kile kile unachotengenezea batiki. Nacheka hapa, maana jina lenyewe linatokana na vitambaa vilivyokuwa vinaletwa Zanzibar na meli za Wamarekani karne ya 19, sasa unakirudisha kwao kwenye picha. Ila kisiwe paa. Marekani ambayo haijapaushwa ina unjano ndani yake na mwanga ukipita humo unatoka kama chai ya maziwa. Ukutani ni sawa tena ni kizuri, kimetulia, batiki inasimama. Kinyooshe kwa pasi kabla ya kukitundika, narudia, pasi, mikunjo ya kukunjwa dukani inaonekana kuliko kazi. Na kiwe mara mbili au weka kitu kizito nyuma yake, sababu nakuja kukwambia kwenye mwanga.

Kutundika. Hapa ndo wengi wanaharibu kwa upendo. Mtu ana kazi arobaini anataka zote zionekane, anaona huruma kuacha hata moja. Kwa batiki za kwako za kama sentimita 60 kwa 90, ukuta wa nyuma weka tatu, kila ukuta wa pembeni mbili, basi, saba. Ukiwa na moja kubwa kuliko zote iweke katikati nyuma, hiyo ndo itakayomshika jaji. Katikati ya kila kazi iwe kama mita moja na nusu kutoka chini, nafasi kati ya kazi na kazi iwe shubiri moja hivi na ilingane kila mahali, tumia futi ya fundi usikadirie kwa jicho. Kazi zitoke kwenye familia moja na zile nne ulizotuma, mbili kati ya hizo nne zenyewe zikionekana kwenye banda ni vizuri zaidi, jaji anaunganisha haraka. Rangi nazo zipange, usiweke nyekundu zote upande mmoja banda likaonekana linainama.

Vikapu vyako viwili kama umeviweka, viwe juu ya kitu, stuli iliyofunikwa kitambaa mpaka chini. Kitu cha kuuza kikikaa chini kinaonekana cha bei ya chini hata kama umekisuka wiki tatu. Zulia au mkeka wa rangi iliyotulia weka sakafuni, kijivu au kahawia. Hii sio pambo, nyasi zinarusha ukijani kwenye nusu ya chini ya kuta zako na udongo mwekundu unarusha uwekundu. Nimewahi kukaa saa nzima nahangaika na picha ambayo kuta zilikuwa za kijani mpaka magotini, nikadhani simu mbovu, kumbe bustani.

Haya, mwanga. Hapa nitachukua muda kidogo nivumilie, maana ukipata mwanga hata simu ya bei rahisi inatosha na ukikosa mwanga hata kamera ya mamilioni haikusaidii.

Paa jeupe likipigwa na mwanga wa mawingu linageuka lenyewe kuwa taa moja kubwa laini, mwanga unashuka sawa kila kona, hakuna kivuli kikali. Kwaiyo siku ya dhahabu kwako ni siku ya mawingu mepesi, zile asubuhi za masika ambazo anga ya ziwani imekuwa nyeupe yote na mvua bado haijaamua. Usisubiri siku ya jua kali ukidhani ndo picha itang'aa. Jua kali likipita juu ya tenti vyuma vya paa vinachora mistari ya vivuli juu ya batiki zako, na kama paa lina tundu unapata doa jeupe katikati ya mtumbwi wako. Sisi tupo kama digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, mwezi wa tatu na mwishoni mwa wa tisa jua linatusimamia utosini kabisa, na kwa Mwanza utosi wa jua ni kama saa saba kasoro mchana, sio saa sita, maana tuko magharibi na saa tunayoifuata ni ya mashariki. Kuanzia saa tano mpaka saa tisa usiguse simu.

Kama mawingu yamegoma, piga asubuhi kati ya saa mbili na saa tatu na nusu, na banda liangalie magharibi. Yani jua liwe nyuma ya banda. Mbele panakuwa na kivuli na anga tu, mwanga wa anga unaingia kwa upole mpaka ukuta wa nyuma. Ndo hapo nilipokwambia kitambaa kiwe kizito, maana jua likiwa nyuma na ukuta mwepesi, ukuta unawaka kama taa ya karabai, kazi zako zinakuwa vivuli vyeusi. Na batiki ni mbaya zaidi kuliko mchoro wa rangi za mafuta kwa sababu yenyewe kitambaa chake kinapitisha mwanga, utaona nyuzi na mishono ya fremu. Weka plaiwudi nyuma, au blanketi jeusi, au hata ukuta wa nyumba wenyewe, sogeza tenti mgongo uguse nyumba. Kama nyumba iko upande wa mashariki wa uwanja wako umebarikiwa.

Wapiga picha wenzangu watakwambia subiri jioni, ule mwanga wa dhahabu juu ya ziwa pale Capri Point. Kwa maharusi, sawa, hata mimi nawapeleka. Kwa batiki, mwanga huo unafanya nyeupe kuwa njano na bluu kuwa kijivu, jaji akilinganisha na picha zako nne za kazi ataona rangi haziendani. Zaidi ya hapo mchana upepo wa ziwani unaanza kuingia nchi kavu na ukifika saa tisa kitambaa kinapiga makofi, tenti linataka kuruka, kazi zinatikisika picha inatoka na ukungu. Asubuhi kumetulia. Hata hivyo funga miguu ya tenti kwa ndoo za mchanga, uzitoe dakika ya kupiga, au uzifiche nyuma ya kuta.

Taa usiwashe. Najua kule wanatumia taa bandani na zinapendeza, lakini balbu ya njano ndani na mwanga wa anga nje ni rangi mbili tofauti kwenye picha moja, simu itachagua moja na nyingine itakuwa mbaya. Flashi ya simu sitaki hata kuisikia.

Simu yako sasa. Ile lenzi ya 0.5 ambayo inaonyesha uwanja mzima, iache. Inavuta kona, kikapu cha pembeni kinageuka ungo na nguzo za tenti zinapinda kama miguu ya mtoto aliyeanza kutembea. Tumia 1x, simama kama mita tatu kutoka miguu ya mbele, banda litaingia lote. Kama uwanja unaruhusu rudi mita tano na utumie 2x, kuta zinanyooka zaidi na banda linaonekana limetulia, na usiogope eti ubora unapungua, simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli kama 4,000 kwa 3,000, ukikata nusu bado una 2,000 kwa 1,500 na hizo zinatosha kwa fomu nyingi. Simu iwe usawa wa kifua chako, imesimama wima kabisa isiangalie juu wala chini, ukiielekeza juu hata kidogo nguzo zinakutana juu kama paa la msonge. Washa ile mistari ya gridi, linganisha mstari wa wima na nguzo. Huna stendi? Weka stuli juu ya meza, simu iegemee tofali, tumia taima ya sekunde tatu ili kidole chako kisitikise.

Gusa skrini katikati ya ukuta wa nyuma, shikilia mpaka ifunge, alafu shusha mwanga kidogo tu mpaka nyeupe za batiki zianze kuonyesha nyuzi. Simu inapenda kung'arisha mno ndani ya banda ikidhani kuna giza, na rangi nyepesi zinapotea, hazirudi tena. Piga nyingi. Piga ya kushoto, ya kulia, ya katikati, ila utakayotuma ni ya katikati moja kwa moja, kuta tatu zote zionekane. Kuna wanaopenda kusimama pembeni kidogo kupata kina, na wana hoja yao, lakini banda dogo la mita tatu likipigwa pembeni ukuta mmoja unakuwa mstari tu na kazi mbili zimeliwa. Jaza picha na banda, mbingu isionekane, paa la jirani lisionekane, ukingo wa picha uishie pale nguzo zinapoishia.

Kama batiki zako zina fremu za kioo, toa vioo. Zote. Hili nimejifunza kwa aibu. Kuna mzee mmoja mchoraji nilimpigia banda lake uani kwake Pasiansi, nilihangaika na mwanga tangu alfajiri, picha ikatoka safi mpaka nikamwambia mzee hii hata usiogope. Akaituma. Baada ya wiki mbili mjukuu wake anaikuza kwenye kompyuta anauliza, babu huyu ni nani kwenye huu mchoro? Ndani ya kioo cha ukuta wa nyuma nimesimama mimi, jezi nyekundu, tumbo lote, simu usoni. Kwenye simu sikuliona kwa sababu niliiangalia ndogo. Mwaka ule hakuchaguliwa, siwezi kusema ni kwa ajili ya tumbo langu, majaji huwa hawatoi sababu, lakini hela ya ada ilikuwa ya mzee na kosa lilikuwa langu. Siku hizi navaa nyeusi na vioo natoa, mchoro bila kioo hakuna anayejua hauna kioo.

Kabla hujabonyeza simama pale simu ilipo, angalia kwa jicho lako sio kwa skrini, pita kona moja moja. Hakuna bango, hakuna kadi ya jina, hakuna saini kubwa inayosomeka, hakuna bei, hakuna cheti cha maonyesho mengine. Kiti kimoja kizuri kinavumilika, ila cha plastiki kiende jikoni. Chupa ya maji, mfuko wa rambo, waya wa chaji, ndala za mtoto, kuku, wote nje. Na watu hakuna, hata wewe. Najua inauma kidogo, kwetu biashara ni sura ya mtu, mteja ananunua kwa sababu ya kicheko chako, ila hapa kanuni ni kazi bila mwenye kazi, ukionekana wengine wanaweza kukutoa bila kukupa hata alama.

Ukimaliza, nyoosha picha, kata kingo, ongeza mwanga kidogo kama inahitaji. Usizidishe rangi. Ile kitufe ya kung'arisha kila kitu isahau. Kipimo cha rangi ni chepesi: leta batiki moja halisi dirishani, shika simu pembeni yake, zifanane. Faili iwe JPEG, simu nyingine zinahifadhi kwa HEIC na fomu inazikataa, badilisha kwenye mipangilio ya kamera kabla ya siku yenyewe. Kipimo cha pikseli kinaandikwa kwenye fomu, kisome, usidhani. Na tafadhali usimtumie dada yako picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida ili akujazie fomu, WhatsApp inaibana inafika imechoka. Tuma kama dokumenti, au kwa imeili.

Alafu fanya jaribio hili mimi nalipenda kuliko yote. Punguza picha kwenye skrini mpaka iwe kama kiberiti. Nenda kwa bodaboda anayesubiri abiria, asiyekujua, muonyeshe hesabu mpaka tano, ficha. Muulize umeona duka la nini? Akisema vitambaa vya kuchora, au michoro ya ziwani, umefanikiwa. Akisema tenti, rudi ukapunguze tenti kwenye picha. Akisema sijui, vitu vingi, unajua cha kufanya. Picha ya Nane Nane nilimuonyesha fundi viatu hapa nje ofisini akasema "mama anauza vikapu", batiki ishirini na mbili hakuziona hata moja.

Lingine sio la picha ila ningekuwa nakudanganya nisipolisema. Maonyesho mengi ya namna hii yanataka msanii mwenyewe awepo bandani siku zote za onyesho, na kitambulisho wanakagua. Dada yako hawezi kukuwakilisha, hata kama mnafanana. Kwaiyo linganisha tarehe za onyesho na tarehe za safari yako kabla hujalipa, maana ada ya kuomba kwa kawaida hairudishwi ukikosa nafasi wala ukighairi, na ulizia mapema kama aina ya viza utakayopata inaruhusu kuuza, hilo waulize wanaohusika na viza, mimi ni mpiga picha tu. Ukifika huko nenda kaone ziwa Superior, tunajisifu ziwa letu ni la pili duniani kwa ukubwa kati ya yale ya maji baridi, la kwanza ndo hilo na linagusa Michigan.

Umeuliza pia kama unilipe nije nipige mimi. Usinilipe bado. Jaribu mwenyewe asubuhi mbili, ya kwanza itakuwa mbaya, hiyo ni kawaida, utaona makosa usiku ukiwa umetulia na ya pili itakuwa nyingine kabisa. Nitumie hiyo ya pili, kama dokumenti, kabla hujaikata kingo. Nikiona inanishinda kukukosoa nitakwambia tuma, nikiona bado nitakuja Nyakato na plaiwudi yangu.